Gesi Inayopotea Siku za Kazi

Voss, 14 Septemba 2003

Dada Åsta,

Shikamoo. Huku sisi ni wazima. Nyasi zilikauka kabla ya mvua, kondoo wameshuka kutoka mlimani, na mmoja tu hakurudi, yule ambaye hakuna aliyempenda. Paka amezaa tena. Baba anakusalimu, yaani nilipomwambia nakuandikia hakuongeza sauti ya redio.

Tangu alipoanguka mwezi wa tano hashuki ngazi. Anatoka kitandani kwenda kwenye kiti na kutoka kwenye kiti kwenda kitandani, kwa fimbo. Mimi naondoka alfajiri kuendesha basi la wanafunzi na kurudi jioni, na namkuta kwenye kiti kilekile, ameangalia upande uleule.

Bia tumepika hata hivyo. Nilibeba kuni na matawi ya mti wa mreteni ya kuchujia, nikachochea, naye akanielekeza kupitia dirishani kwa kunifokea. Hamira ni ileile ya Bibi. Lakini yale mapipa ya mbao siwezi kuyanyanyua peke yangu, kwa hiyo nimenunua mapipa matatu ya chuma ambayo hoteli moja ilikuwa ikitilia soda, pamoja na mtungi mdogo wa ile gesi ya kutia bia mapovu na regulata ya kupunguza presha, na nimetoboa mlango wa friji la zamani nikafunga koki. Vyote viko stoo ya chini, pamoja na viazi. Baba ameviita vifaa vya hospitali.

Sasa, wewe umeendesha baa kwa miaka ishirini na unavijua vitu hivi. Nikifungua koki napata glasi ya povu. Kesho yake bia imelala, haina hata kipovu kimoja. Na mtungi niliodhani utafika Krismasi umekwisha ndani ya wiki mbili. Nifanye nini?

Jambo jingine. Halmashauri wanasema mwaka mpya kutakuwa na chumba kwenye nyumba ya wazee kule chini karibu na ziwa. Wanampa mtu asiyeweza tena kumudu nyumba yake, na wanataka watoto wawe na kauli moja. Mimi nimeona ni vizuri. Niambie unavyoona, lakini kwa barua. Simu tumeshaona inatufikisha wapi.

Siku ya kuonja bia ni Jumamosi kabla ya Krismasi, kama kawaida. Ukija, nitatandika chumba cha juu.

Mdogo wako,
Sjur


Aberdeen, 2 Oktoba 2003

Mdogo wangu Sjur,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za kondoo. Mimi ni mzima, baa ni nzima, wateja ni walewale na hoja zao ni zilezile. Gazeti la hapa limechapisha barua yangu kuhusu maegesho, ila wameondoa aya mbili, zile zenye ukweli.

Nianze na lako la mwisho. Sikubali. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ile, akamzika mke wake kutoka katika nyumba ile, eti ahamishwe kwa sababu kuna chumba kitakachobaki wazi! Hivi ndivyo wanavyofanya siku hizi. Wanajenga vyumba kwanza, kisha wanatafuta wa kuvijaza. Wanamkalisha mzee kwenye kiti, wanamletea supu, na baada ya mwaka wanaandika kwamba hawezi kusimama. Angeweza vipi? Kazi yake imekuwa kukaa! Nimesoma habari hizi za kutosha, na kila anayezitetea ana mshahara ndani yake. Waambie binti yake hakubali, na kama wanataka sababu nitawaandikia kurasa kumi.

Na Baba mwenyewe anasema nini? Hukuandika.

Sasa bia. Mapipa ya soda yana mipira ya kuzibia kwenye mfuniko na kwenye matundu mawili ya juu. Inanuka soda mpaka Kiyama na haizibi. Itoe yote, weka mipya, ipake mafuta yanayofaa kwa chakula, si grisi ya basi lako. Kisha chukua maji ya sabuni, paka kila kiungo, na panapotoa mapovu ndipo gesi inapotokea. Presha yako bila shaka iko juu mno, kwa sababu wanaume wote wakiona geji wanadhani ni mashindano. Ishushe. Mpira unaopeleka bia kwenye koki ni mfupi. Weka mwembamba wa mita tatu, uuzungushe ndani ya friji ili wote uwe baridi. Bia ikikimbia umbali mfupi hufika ina hasira. Na kila pipa likiisha pitisha magadi kwenye mpira na koki, kisha maji mengi. Koki chafu peke yake inatosha kuleta povu.

Kuhusu siku ya kuonja, Desemba ndio mwezi wa kazi kwetu. Mara ya mwisho niliyoongea na Baba ilikuwa mazishi ya Mama, aliponiambia mbele ya majirani wote kwamba nauza maji yenye mapovu. Sina kinyongo. Nakumbuka tu.

Dada yako,
Åsta


Voss, 26 Oktoba 2003

Dada Åsta,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Tulikula kichwa cha kondoo Jumapili, Baba akamaliza chake na jicho la changu. Watoto wa paka wamepata wa kuwafuga, wote isipokuwa mweusi.

Nimefanya yote uliyosema. Mipira mipya, mafuta, presha chini, mita tatu za mpira mwembamba, magadi. Povu limekwisha. Jumamosi nilipata glasi nzuri kuliko za hotelini. Nikampelekea Baba. Alionja, akaitema kwenye kikombe cha kahawa.

"Inachoma ulimi," akasema.

"Ni gesi, Baba. Ndivyo bia ilivyo."

"Bia ya nani?"

Nikamwambia bia ya dunia nzima. Akasema basi dunia nzima iinywe, kwake bia ilikuwa ikimiminwa kutoka kwenye mbao, imetulia, na mtu hakupiga mbweu kama ng'ombe.

Lakini gesi bado inaisha. Nimepaka sabuni kila mahali na hakuna kipovu. Huu ni mtungi wa tatu. Ninaporudi jioni bia imelala kabisa, na geji inaonyesha presha ileile niliyoiacha. Muuza gesi ameanza kuniuliza kama nimefungua kiwanda cha soda.

Mama mmoja wa halmashauri, Solfrid, alikuja kuangalia nyumba. Ni mpole, anaandika sana. Alisimama juu ya ngazi ya stoo akaitazama, kisha akamuuliza Baba, "Mzee Eirik, ngazi hii unaimudu?"

Baba akasema, "Mama, mimi hata ngazi ya picha ukutani siimudu."

Solfrid akaandika. Mimi nilishangaa, kwa sababu Baba hajawahi kukiri kushindwa na kitu, hata siku ile trekta lilipomwangukia. Ndipo nilipojua hali yake ni mbaya kweli.

Unauliza anasema nini. Anasema msimu huu utakuwa na barafu nyingi.

Kuhusu mazishi hajasema kitu, nami sijauliza.

Sjur


Aberdeen, 20 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu bomba la maji lilipasuka juu ya kaunta na fundi alitaka kunieleza maana ya maisha kabla ya kuliziba. Mengine ni mazuri. Magoti yananiuma mvua ikija, yaani kila siku.

Barua yako imenikera kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nitakwambia kwa nini. Mama anakuja na kalamu, anamwuliza mzee swali moja akiwa amesimama juu yake, na jibu la utani linageuka kuwa cheti cha ugonjwa! Na wewe umesimama pembeni unashangaa. Baba ametania, Sjur. Ametania maisha yake yote. Alimtania mchungaji siku ya ubatizo wako. Watu waliosoma namna ya kuhudumia wazee hawakufundishwa kwamba wazee wana mzaha, kwa hiyo kila wanachosema kinaandikwa kama kilivyo. Nakataa tena, kwa maandishi, na ukitaka nitakataa kwa herufi kubwa.

Sasa kuhusu gesi, tuache kubahatisha. Gesi haina uchawi, ina njia. Kama sabuni haitoi kipovu basi vyombo vyako havivuji. Kuna kingine. Fanya hivi: pima mtungi kwenye mizani asubuhi na jioni, wiki nzima, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Niletee majibu. Na unijibu swali hili bila kuliruka: je, inapotea hata siku ambazo wewe uko nyumbani?

Ni nani mwingine anayejua kutumia vifaa hivyo?

Åsta


Voss, 7 Desemba 2003

Dada Åsta,

Shikamoo. Huku ni barafu tupu, Baba alisema kweli. Basi limeteleza mara moja, watoto walishangilia.

Nimepima. Jumamosi na Jumapili mtungi haupungui hata kidogo. Jumatatu mpaka Ijumaa unapungua, na bia inalala. Nimelifikiria jambo hili sana nikiwa njiani, na nimepata jibu. Ni treni za mizigo. Siku za kazi zinapita nyingi, nyumba inatikisika, na viungo vinalegea kisha vinakaza tena. Ndiyo maana sabuni haionyeshi kitu jioni. Nimeufunga mtungi ukutani kwa mkanda wa kufungia ng'ombe.

Uliuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Niko mimi na Baba tu. Baba nilimweleza kila kitu nilipofunga, mtungi, regulata, kile kipete cha usalama juu ya mfuniko kinachotoa gesi ukikivuta, lakini alikuwa amefumba macho.

Juzi limetokea jambo la ajabu. Nilirudi nikakuta mtungi mpya hauna kitu kabisa. Kipete cha pipa la kati kilikuwa kimegeuzwa upande, kimebaki wazi. Nadhani ni ile treni ndefu. Paka alikuwa ameingia stoo, na nilipofungua mlango alipanda ngazi akiyumba kama mlevi, akalala jikoni akihema. Nadhani alilamba bia iliyodondoka. Mimi mwenyewe nilipoinama kuangalia chini ya friji kichwa kilianza kunigonga na moyo kwenda mbio, nikapanda juu kupumzika. Sasa yeye ni mzima na mimi ni mzima.

Solfrid atarudi Ijumaa ya kumi na tisa kwa uamuzi wa mwisho. Nimemwambia huna pingamizi kubwa.

Siku ya kuonja ni kesho yake. Hujasema kama utakuja. Sitegemei watu wengi. Rafiki yake Baba, Brynjulv, yuko nyumba ya wazee tangu kiangazi, na ndugu zake wawili pia. Wote walioijua bia ya Baba sasa wanakaa kule chini karibu na ziwa.

Sjur


Aberdeen, 12 Desemba 2003

Sjur,

Unajua jana nilipiga simu nyumbani, kwa sababu jioni ulinipigia wewe kuuliza nilitaka nini, ukipiga kelele, nami nikapiga kelele, na hakuna aliyesikia kitu. Sasa naandika ili jambo likae mahali pamoja, kwa mpangilio.

Kwanza paka. Hakulamba bia. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Inajaa chini kama maji kwenye beseni, haina harufu, na anayeinama ndani yake hulala asiamke. Wewe uliinama. Leo hii, kabla hujavua koti, toa mtungi nje ya nyumba, toboa ukuta upitishe mpira, na dirisha la stoo libaki wazi hata viazi vikiganda. Nimeona mtu mzima akivutwa miguu kutolewa kwenye stoo ya baa, hana fahamu, kwa sababu ya mtungi mmoja. Hiyo si hoja ya kujadiliana.

Pili, treni. Sjur, wewe ni ndugu yangu na nakupenda. Treni haigeuzi kipete.

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi. Nilipoimaliza nikapiga simu nyumbani nikijua wewe uko barabarani. Iliita, ikaita. Kisha ikapokelewa na mtu anayehema.

"Nani?" akasema.

"Åsta."

"Sjur hayupo."

"Najua hayupo. Baba, ulikuwa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Kiti kiko hatua mbili kutoka kwenye simu. Mbona unahema?"

"Ni mzee. Wazee wanahema."

"Umetoka stoo."

"Mimi? Mimi sishuki ngazi. Muulize yule mama mwenye kalamu."

"Baba, nisikilize. Ile gesi nusura imuue paka. Umeacha kipete wazi bila kufunga mtungi."

Nikasikia akipunguza redio. Halafu akasema, "Siku zote nafunga. Siku hiyo nilisahau." Kisha, kama mtu anayejitetea mahakamani: "Bia ilikuwa nzuri, Åsta. Kijana kapika vizuri. Akaijaza upepo. Mimi naufungua upepo utoke, nakaa juu kidogo, nashuka tena, nakunywa kikombe kimoja, narudisha kila kitu kilivyokuwa. Siibi."

Nilifurahi, nakiri. Nilitaka kuruka. Nikamwambia basi mambo yamekwisha, anapanda na kushuka kila siku, Solfrid akijua hatampa chumba, atabaki nyumbani kwake, nimeshinda. Unajua alinijibu nini?

"Ukimwambia yule mama, sitakusamehe mpaka nakufa."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Nataka kile chumba," akasema. "Brynjulv yupo kule. Wanacheza karata tangu kifungua kinywa. Hapa nina redio. Sjur anaondoka gizani, anarudi gizani, ananiuliza nimeshindaje, namwambia vizuri, anaosha vyombo. Chumba wanampa asiyeweza ngazi. Basi siwezi ngazi."

"Kwa nini hukumwambia Sjur?"

"Sjur hajui kudanganya. Akiulizwa atasema. Na ungekuwepo wewe ungemwandikia mfalme."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu haki za wazee, nimeandika kuhusu haki hizo, nimegombana na watu karamuni. Katika barua zangu mbili nilimpigania mtu abaki mahali anapotaka kutoka. Na kabla hujacheka, wewe ulimtafutia mahali anapopataka bila kujua kwamba anapataka. Hakuna kati yetu aliyevuta kiti akakaa mbele yake. Nilikosea. Nimeliandika mara moja, usitarajie kuliona tena.

Aliniomba nisikuambie. Nakuambia kwa sababu ya gesi, na kwa sababu mtu anayeshuka kwenye stoo kama ile lazima awepo anayejua. Pingamizi langu nimeliondoa, na sasa hili la Ijumaa ni lako. Solfrid atakuuliza. Sikushauri udanganye na sikushauri useme kweli. Ni mara ya kwanza sina ushauri, na sioni raha yoyote ndani yake.

Kabla ya kukata simu aliniuliza kama bado nauza yale maji. Nikasema ndiyo. Akasema, "Watu lazima wanywe kitu."

Åsta


Voss, 11 Januari 2004

Dada Åsta,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Theluji imefika kwenye madirisha. Kondoo ni wazima. Yule paka mweusi amebaki kwetu.

Mtungi uko nje, chini ya upenu, nimeujengea sanduku. Dirisha la stoo liko wazi. Viazi vimeganda, nakula wali.

Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka jambo liishe kwanza.

Ijumaa ile Solfrid alikuja. Nilikuwa sijalala vizuri. Nilikuwa nimejizoeza ndani ya basi, tena kwa sauti, nikisema, "Hapana, hawezi." Mtoto mmoja wa kiti cha mbele akaniuliza ni nani hawezi.

Tukakaa jikoni. Baba alikuwa kwenye kiti, blanketi miguuni, kinywa wazi kidogo. Sikujua kwamba ana kipaji hicho. Solfrid akafungua karatasi zake akaniuliza, "Sjur, bado hashuki ngazi?"

Nikasema, "Hapana." Kisha nikasema, "Anashuka. Anashuka kila siku nikiwa kazini. Anafungua gesi kwenye mapipa ya bia kwa sababu haipendi. Juzijuzi alisahau kuifunga, paka akazimia, na mimi nusura nife."

Baba akafumba kinywa.

Solfrid hakuandika. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, akasema, "Yaani mzee wa miaka themanini na mbili anashuka peke yake, kutwa, hakuna mtu nyumbani, kwenye stoo yenye gesi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nampa nafasi ya tatu kwenye orodha!" Akachukua kalamu. "Mtu aliyetulia kwenye kiti anaweza kusubiri. Huyu hawezi kusubiri, chumba cha mwaka mpya ni chake."

Baba akalitupa blanketi. "Miezi saba!" akasema. "Miezi saba nimekaa kwenye kiti hiki kama gunia!" Akasimama, akaenda dirishani bila fimbo, akarudi. Solfrid akayaandika hayo pia. Nadhani yalimsaidia.

Kisha akamuuliza kile ambacho wewe unasema hatukumuuliza. "Mzee Eirik, wewe mwenyewe unataka kwenda?"

Baba alinitazama kwanza mimi. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu mazishi ya Mama. Akasema, "Kijana ataachwa peke yake."

Nikamwambia nitakuwa salama. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Basi nataka," akasema.

Siku ya kuonja walikuja tisa. Sita kati yao ni wa nyumba ya wazee, waliletwa na basi langu, niliomba ruhusa. Nilitoa gesi kwenye pipa moja tangu asubuhi, dirisha wazi, likalala kama apendavyo Baba, na la pili nikaliacha na presha. La Baba liliisha kwanza. Brynjulv alikunywa yote mawili akasema hajaona tofauti, yeye na Baba wakagombana mpaka chakula.

Nimempeleka jana. Amebeba nguo, karata na kikombe. Redio ameniachia. Amesema nikuambie ukija mwezi wa pili uende moja kwa moja kwake, huku kwangu hakuna watu. Wewe hukuniambia kwamba unakuja mwezi wa pili. Naona mmeongea tena.

Solfrid alikuja kutusindikiza. Baba alishuka ngazi za mlangoni mbele yake, wima, fimbo kwapani, kwa makusudi. Katikati akasimama, akageuka, akanipa mkono. Niliushika mpaka chini. Kulikuwa na barafu.

Mdogo wako,
Sjur